Mtoto wa Chumba cha Mbegu

Maharage ya msiba wa Bwana Damas hayakuiva, na nasema hivyo bila kumwonea mtu. Nilikaa chini ya turubai kule Kalenga, kwao marehemu, katikati ya akina mama wa Kihehe walionipokea kwa "kamwene" nyingi kama ndugu yao, nikawa natafuna huku mpwa wake akisoma wasifu kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinakwaruza. Alisoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifuga ng'ombe wangapi. Nilianza kusinzia. Ndipo akasoma: "Marehemu alikuwa baba wa akina mama. Alipokuwa meneja Uyole, ndiye aliyeanzisha chumba cha mama na mtoto, ili akina mama wanyonyeshe watoto wao kwa heshima." Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama wa pembeni yangu akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nikasonya. Sikukusudia isikike, ila msonyo ukishatoka umetoka. Mwanangu Lusajo, aliyekuwa ameniendesha kutoka Mbeya, akanigusa goti. "Mama, watu wanakusikia." Nikamwambia nimetafuna kokoto.

Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi sina ugomvi na maiti. Ninayemsema hapa ni Damas aliyekuwa hai, na tumbo lake mbele na funguo zake kiunoni, akipita koridoni huku akizitikisa ili tujue anakuja. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minane na koti jeupe, na koti lile ndilo lililonivimbisha kichwa. Kampuni ilikuwa ya mbegu, nje kidogo ya Uyole, na kazi yangu ilikuwa kuyajaribu mahindi kabla hayajauzwa kwa wakulima. Unahesabu mbegu mia nne, unazipanda kwenye trei za mchanga, unazifungia kwenye chumba chenye joto, halafu siku ya nne na siku ya saba unaingia kuhesabu zilizoota. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama jiko la uani, rafu za chuma kuta tatu, hita inavuma kutwa, harufu ya mchanga uliolowa. Anayeijua Uyole mwezi wa sita, ukungu unavyolala mpaka saa nne na maji ya bomba yanavyouma vidole, atanielewa nikisema hapakuwa na mahali pengine pa kumfaa binadamu katika jengo lile lote.

Uani walikaa vibarua, wanawake kama kumi na watano hivi, wakichambua mahindi mabovu kutoka kwenye mazuri, watoto mgongoni. Hakuna aliyewakataza watoto wale. Kibarua si mtumishi, Damas alikuwa akisema, kwa hiyo mtoto wake naye si tatizo la ofisi. Lakini mtumishi wa koti jeupe akija na mtoto, hapo ofisi imegeuka kliniki. Nilikuwa nikilisikia neno hilo na kulicheka pamoja na wengine kabla sijazaa, jamani, nisijifanye malaika. Na hao vibarua hatukuwaita mama fulani kama wanavyoitwa watu wazima wenye watoto. Tuliwaita majina matupu: Atupele njoo, Atupele zoa mchanga, Atupele lete maji. Ilikuwa kawaida, na mimi niliishika kawaida hiyo kwa mikono miwili.

Nilirudi kazini baada ya siku themanini na nne za uzazi, maziwa yamejaa na Lusajo hataki chupa. Nilijaribu chupa, nikajaribu kikombe, nikajaribu kijiko. Alitema vyote akanikazia macho kama hakimu. Baba yake alikuwa kazini Sumbawanga, na kwa mwaka huo hiyo ndiyo habari yake yote. Nyumbani kwangu kulikuwa mbali, upande wa pili wa mji, na jirani niliyemwachia mtoto wiki ya kwanza alinirudishia akiwa amepwaya, mashavu yameingia ndani. Kliniki nesi akaiangalia kadi, akaniangalia mimi. "Mama, mstari umeshuka. Wewe unanyonyesha kweli au unapita tu?" Basi nikajipa moyo, nikaenda kwa Damas kuomba saa mbili zangu za kunyonyesha, ambazo sheria inampa kila mama. Nilimkuta na mhasibu na dereva, miguu mezani.

"Saa mbili?" akasema. "Mimi nina ng'ombe wa maziwa, wa kizungu. Anakamuliwa dakika kumi, ndoo imejaa. Wewe hizo saa mbili unatoa nini?"

Wakacheka, mhasibu mpaka akakohoa. Nikasema, "Ni sheria, Bwana Meneja."

"Sheria iko Dar es Salaam, Mama Lusajo. Hapa ni Uyole. Na mkataba wako unaisha mwezi wa saba, usinifanye nikumbuke mapema."

Huyo ndiye baba wa akina mama. Nilitoka pale nimeuma ulimi, nikaenda kulia nyuma ya magunia, na hapo ndipo aliponikuta Atupele. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, sauti ya chini. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Bahati, aliyeanza kutambaa na ambaye siku hizo alibaki nyumbani kwa bibi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunipa pole, jambo lililoniudhi, kisha akasema kama anayepanga kupika: "Mlete. Nitambeba mimi. Nani anahesabu watoto wa vibarua?"

Ikawa hivyo. Kila asubuhi tulikutana nyuma ya kibanda cha mlinzi, nikamfungua Lusajo mgongoni kwangu, yeye akamfunga mgongoni kwake kwa kitenge chake cha kahawia, mimi nikavaa koti langu jeupe nikaingia mlango wa mbele kama mtu asiye na mtoto duniani. Nilimpa sukari na sabuni, akapokea kwa "ndaga" moja tu, asante ya kwao, bila maneno mengi. Damas alipita uani kila siku akimwona mwanangu. Mara moja alisimama akamfinya shavu. "Atupele, hili toto lako limenona! Mnakula nini huko kwenu? Hawa wa maofisini watoto wao wamekondeana kama vibiriti." Nilikuwa dirishani nikisikia kila neno. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, kwa sababu nilijiona mjanja kuliko wote.

Saa nne ndiyo ilikuwa saa yetu, maana saa nne wanaume walikunywa chai. Nisikilize vizuri: walisema wanakunywa chai. Mama ntilie alileta supu ya utumbo, chapati, na viazi vya kuchemsha kwenye beseni, wakaingia chumba cha mikutano saa nne kamili wakatoka saa tano na nusu, mara nyingine saa sita kasoro, wakichokoa meno. Hakuna aliyewaambia habari ya ng'ombe. Atupele aliingia chumba cha kuoteshea na ndoo ya mchanga mkononi na Lusajo mgongoni, tukafunga mlango, mimi nikakaa juu ya debe lililopinduliwa, nikafungua koti. Ukuta ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ndiko walikokaa wanywa chai. Mwanangu ananyonya, mahindi yanachomoza kwenye trei, na mimi nasikia wanaume wazima wakijadili wanawake wa siku hizi. Wanawake wa siku hizi hawataki kulea. Wanawake wa siku hizi wanaiga Wazungu. Mama yangu mimi, alisema mhasibu, alizaa shambani akamaliza palizi. Dada wa masijala naye, ambaye ndiye pekee wa kike aliyekaribishwa supu ile, akadakia, "Sisi tulilea na kazi tukafanya, hatukusumbua mtu," na kila aliyekuwa pale alijua watoto wake walilelewa na mama yake kijijini mpaka darasa la nne. Atupele akininong'oneza, "Sikia hao," tukacheka mpaka Lusajo akaachia ziwa kutuangalia. Baada ya wiki sita kadi ya kliniki ilipanda mstari. Akishiba, tulimlaza kwenye trei tupu ya rafu ya chini, tumeitandika kanga, na joto lile likamlaza usingizi mzito kuliko wa kitandani kwetu.

Siku ya wageni walituambia watafika saa nane. Walikuwa wakaguzi kutoka mbali, na kwa siku tatu tulipaka chokaa mpaka mawe. Kumbe walilala Makambako, wakadamka, wakafika saa nne na robo. Nilisikia funguo za Damas koridoni na viatu vingi nyuma yake, na kabla sijafunga kifungo cha mwisho mlango ukafunguka. Mimi nimesimama na daftari. Atupele yuko kwenye ndoo ya mchanga. Lusajo yuko kwenye trei, chini ya mahindi ya siku ya tano, amelala mdomo wazi.

Kiongozi wa wageni alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani imefunga ukungu kwa joto la mle ndani. Akaifuta, akaangalia chini, akapiga makofi. "Jamani! Mmewawekea watoto chumba cha joto! Bwana Meneja, haya mambo sijayaona popote. Hongera sana." Nilimwona Damas anapiga hesabu. Kisha akatabasamu, tabasamu pana la mtu aliyeokota kuku njiani. "Tunajitahidi, mama," akasema. "Bila mama, hakuna taifa."

"Na huyu mzuri ni wa nani?" mgeni akauliza.

Damas akanigeukia. "Ndiyo, Mama Lusajo. Ni wa nani?"

Sauti zilikuwa zimemwamsha. Lusajo akaanza kulia, kilio chake ninachokijua, na maziwa yakaja yenyewe. Mwanamke aliyenyonyesha anajua, huwezi kuyazuia. Yalienea kifuani kote kwenye koti jeupe, nikalikumbatia daftari kwa nguvu. Nilifikiria mkataba. Nilifikiria kodi ya nyumba, nilifikiria koti. Nikasema, "Wa Atupele. Kibarua wetu."

Atupele aliniangalia, si kwa muda mrefu. Akainama, akamtoa mwanangu kwenye trei, akamtupa mgongoni, akafunga kitenge. "Ndiyo," akasema. "Wangu."

"Hata vibarua!" yule mama akasema, karibu alie. Akaandika nusu ukurasa kwenye kitabu cha wageni.

Waliondoka saa sita. Gari lao lilipopotea tu barabarani, Damas akatoka uani, akasimama mbele ya vibarua wote. "Atupele! Nani alikuruhusu kuingiza mtoto maabara? Chukua vitu vyako. Nisikuone tena hapa." Hakuuliza swali la pili. Mimi nilikuwa dirishani, hatua labda ishirini kutoka pale. Atupele hakuomba, hakunitaja. Alichukua ungo wake na chupa yake ya uji, akaanza kwenda getini na mtoto wangu mgongoni. Angefanya nini kingine? Alishasema ni wake. Alikuwa anatembea polepole. Alisimama katikati ya ua akafungua kitenge, akakifunga upya. Akaenda, akasimama tena. Nikajiambia mtoto amekuwa mzito. Getini aligeuka akaliangalia jengo, kisha mlinzi akamfungulia, akatoka. Mimi nikarudi kwenye trei zangu kuhesabu miche. Nilihesabu trei moja mara tatu nikapata majibu matatu.

Tulitoka kazini saa tisa na nusu. Matiti yalikuwa mawe, nilikimbia njia yote ya nyuma ya soko huku nimeyakumbatia, watu wakinishangaa. Atupele alikuwa na chumba kimoja cha tofali za kuchoma, mlango wa bati, sufuria ya kande jikoni. Nilimkuta kwenye kigoda, Bahati anatambaa miguuni pake, na Lusajo yuko kifuani kwake ananyonya. Akaninyanyulia macho. "Karibu, Dada. Alilia sana, chupa hajui, nikampa langu. Ameshiba."

"Asante, Mama Bahati," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na sisi wawili tulilijua hilo. "Sijui hata nikwambie nini. Ule mkataba…"

"Nilitembea polepole," akasema. Hakupandisha sauti. "Mpaka getini nilikuwa najua unakuja. Nikasema, Dada anaogopa kazi, sawa, lakini hakuna mama atakayemwacha mwanawe apite geti mgongoni kwa mtu aliyefukuzwa." Akamtoa Lusajo ziwani kwa kidole, taratibu, akanipa. "Mchukue mwanao. Kitenge niachie, ni changu."

Niliapa pale pale kwamba kesho nitakwenda kwa Damas. Kesho ikawa keshokutwa. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya wale wageni, imejaa sifa, na Damas akaisoma kwa sauti saa nne, supu ikipoa. Wiki iliyofuata alihamisha magunia kutoka stoo ndogo, akaweka kiti cha plastiki, pazia, beseni, na kibao mlangoni: Chumba cha Mama na Mtoto. Kisha akaniita ofisini, peke yangu safari hii, miguu chini. "Mlete mwanao kesho, tupige picha ya uzinduzi." Akacheka. "Unafikiri mimi mtoto? Nilijua siku ile ile, koti lilikuwa linachuruzika. Lakini ulijibu vizuri. Mtumishi anayejua kujibu mbele ya wageni, huyo tunaendelea naye." Akanisogezea mkataba mpya na kalamu.

Kwa hiyo alijua. Alipomfukuza yule mwanamke alijua mtoto ni wangu, na alimtazama akitoka naye getini. Miaka yote nimemdharau Damas kwa hilo, nimemdharau kwa raha, kama mtu anayekuna upele. Nyani haoni kundule. Maana kalamu ile niliichukua, nikasaini, na kesho yake nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikapigwa picha namnyonyesha Lusajo, Damas amesimama pembeni, mkono ukutani, kama ukuta ule aliujenga yeye. Picha hiyo iko sebuleni kwa mwanangu mpaka leo. Huwaambia wageni wake, "Mnaniona? Chumba kile nilikizindua mimi."

Turudi Kalenga sasa, kwenye turubai. Baada ya wasifu mwongoza ratiba akaita, "Tumpate mama mmoja aliyefanya kazi na marehemu, kwa dakika mbili tu, muda si rafiki." Macho yote kwangu. Nikasimama. Nilikuwa nayo yote mdomoni: ng'ombe, trei, geti. Nikashika kipaza sauti nikasema marehemu alikuwa kiongozi shupavu, na kwamba chumba kile kilitusaidia sana akina mama, Mungu ampumzishe. Wakasema amina. Bado najua kujibu mbele ya wageni.

Tulilala Iringa mjini, asubuhi tukaanza safari ya kurudi. Kufika Mafinga tukakwama nyuma ya malori ya mbao, na Lusajo, kwa kutaka kunichangamsha, akasema, "Jana umeongea vizuri, Mama. Ungeniinua na mimi wanione, mtoto wa kwanza wa chumba." Sijui ni nini. Labda ni zile mbao zilizokuwa zinatambaa mbele yetu, hatuwezi kuzipita. Nikamwambia si kwenye chumba kile alikoanza, nikamweleza yote, tangu nesi mpaka kalamu. Tukapita Makambako. Mkewe amerudi kazini mwezi uliopita, mtoto wao ana miezi minne. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayejifunza kuendesha.

"Ulimwona anatoka?" akauliza mwishowe.

"Nilimwona dirishani."

"Alisimama?"

"Mara mbili. Na getini akageuka."

Karibu na Uyole akauliza kama bado yupo hai. Ningeweza kusema sijui. Lakini yupo, anauza viazi sokoni Uyole, safu ya pili kutoka barabarani, na mimi miaka yote hii nimekuwa nikinunua viazi Mwanjelwa na kuwaambia watu kwamba vya Uyole vina maji. Nikamwambia. Akapunguza mwendo, akaegesha gari ng'ambo ya soko, akazima injini, akaja kufungua mlango wa upande wangu.

"Leo tumechoka, mwanangu," nikasema. "Tutakuja siku nyingine, nije na zawadi."

"Shuka, Mama."

Nikashuka. Yeye akatangulia kati ya magunia, mrefu kuliko watu wote, anauliza kwa sauti Mama Bahati anakaa wapi. Mimi nilimfuata polepole. Nikasimama, nikafunga kitenge changu upya. Nikaenda, nikasimama tena. Nilikuwa na hakika atageuka aniite turudi garini. Hakugeuka.